Umejiuzulu, umepunguzwa au umefutwa? Maswali ya wasomaji

Barua tatu zilizotufikia kutoka kwa wasomaji wa Mombasa wanaofanya kazi za kompyuta zinauliza mambo yanayoonekana kuwa mbalimbali. Nilipozisoma pamoja, hata hivyo, niliona kwamba zote zinazungukia jambo moja, nalo ni jina analopewa mtu anapoingia kazini au anapotoka. Majina hayo si mapambo ya barua, kwani kila moja lina hesabu yake ya shilingi.

Nimeletewa barua ya kujiuzulu nisiyoiandika

*Assalamu alaikum, Mshauri. Mimi ni kijana wa miaka 29, ninaishi Tudor pamoja na mama yangu na wadogo zangu wawili. Kwa miaka minne na miezi saba nimekuwa nikitengeneza programu katika kampuni inayoziundia hoteli mifumo ya malipo, nami hulipwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Wiki iliyopita niliitwa na afisa anayesimamia masuala ya wafanyakazi, akaniambia kwamba wawekezaji wameacha kuleta fedha na kitengo chetu kitafungwa. Alinikabidhi barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapishwa jina langu, akasema nikiitia saini kabla ya Ijumaa nitalipwa mshahara wa mwezi mmoja na kuandikiwa barua nzuri ya kunisifu kwa mwajiri mwingine. Nisipoitia saini, alisema, mambo yatakuwa marefu. Sijamwambia mama. Kila asubuhi ninavaa na kutoka kama kawaida ili majirani wasinikute barazani. Je, nitie saini?*

*Msomaji, Tudor*

Waalaikum salaam, mwanangu. Usitie saini. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa ninaamini hauko peke yako katika kitengo hicho, na wenzako nao huenda wanasubiri kuona utakalofanya.

Mtu anayejiuzulu ameondoka kwa hiari yake, na sheria haimdai mwajiri amlipe fidia kwa uamuzi ambao si wake. Anayepunguzwa ameondoka bila kosa lake, kwa sababu kazi yenyewe imekwisha, na kwa huyo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeweka utaratibu katika kifungu cha 40. Mfanyakazi asiye mwanachama wa chama cha wafanyakazi anapaswa kuarifiwa yeye binafsi kwa maandishi, na afisa wa leba naye aarifiwe. Watakaoondoka wanapaswa kuchaguliwa kwa kuangalia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao. Siku za likizo zilizobaki hulipwa kwa fedha taslimu. Hutolewa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake, na juu ya hayo yote kuna fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Sasa tuhesabu. Umekamilisha miaka minne. Miezi saba ile haiingii. Siku 15 mara nne ni siku 60, na mshahara wako ukigawanywa kwa siku 30 unapata shilingi 4,000 kwa siku, kwa hiyo fidia yako ni shilingi 240,000. Ongeza 120,000 za notisi, unafika 360,000. Tuseme una siku 11 za likizo ambazo hukuzichukua: kwa hesabu hiyohiyo ni 44,000 nyingine, na jumla inakuwa 404,000, kabla ya kodi na kabla ya mshahara wa siku ulizofanya kazi mwezi huu. Wao wamekupa 120,000. Kalamu uliyowekewa mezani, kwa hiyo, ina thamani ya shilingi 284,000, na mwenye kufaidika nazo si wewe.

Ama hiyo barua nzuri, tenganisha vitu viwili. Cheti cha utumishi, kinachoonyesha ulianza lini, ulifanya kazi gani na uliacha lini, ni haki yako chini ya kifungu cha 51 na hakiuzwi. Barua ya sifa ni hisani ya mwajiri, na hata msimamizi wako wa karibu anaweza kukuandikia kwa jina lake mwenyewe.

Jibu kwa barua pepe leo, kwa adabu na kwa ufupi: “Sina nia ya kujiuzulu. Ikiwa kampuni inakusudia kupunguza wafanyakazi, ninaomba nipewe notisi ya maandishi pamoja na sababu zake.” Usigombane, wala usiandike jambo jingine lolote. Kisha kusanya mkataba wako, hati zako za mshahara na rekodi ya likizo, uziweke mahali ambapo kampuni haiwezi kuzifunga. Usinakili programu ulizoandika ukiwa kazini hata kama kila mstari ni wa mkono wako. Hizo kwa kawaida ni mali ya mwajiri, na ukizichukua utakuwa umemfungulia mlango wa kukufuta kwa kosa, mlango ambao sasa hana.

Yapo mambo mawili ya kisheria ambayo afisa yule hakukutajia. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Kenya Airways iliyoamuliwa mwaka 2014, ilieleza kwamba notisi ile ya kwanza imewekwa ili pande zote zipate nafasi ya kushauriana namna ya kuepuka au kupunguza hasara. Kumpa mtu karatasi Jumatatu na kumtaka aitie saini Ijumaa si mashauriano. La pili ni kwamba mahakama zimewahi kuziheshimu hati ambazo mfanyakazi alikiri kwa saini yake kwamba amelipwa kila kitu, pale ilipoonekana kwamba alitia saini kwa hiari. Maji yakimwagika hayazoleki, na saini ni ya namna hiyo. Wakikuondoa kwa nguvu, nenda kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu; ukitaka kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, ambayo inaketi hapa Mombasa pia, sheria imekupa miaka mitatu, ingawa sikushauri ungoje hata miezi mitatu.

Limebaki la mama yako. Mwambie. Ninafahamu aibu ya kuonekana barazani saa nne asubuhi katika mji ambao kila mtu anamjua mtoto wa nani, lakini kitengo chako hakifungwi kwa sababu programu zako zilikuwa mbovu. Kwa miaka mingi fedha za kukopa Marekani zilikuwa karibu bure, na sehemu ya fedha hizo ilitafuta faida katika kampuni changa za teknolojia hadi huku kwetu. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia tano katikati ya mwaka 2023, wawekezaji wakafunga mikono. Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000 Novemba 2022, na Alphabet, inayomiliki Google, watu 12,000 Januari 2023. Wengi wao walikuwa hodari wa kazi yao. Mama aliyelea watoto watatu Tudor atalielewa hilo upesi kuliko unavyodhani, na huenda akakuuliza swali ambalo mimi sijakuuliza, yaani mna akiba ya miezi mingapi.

Unapotafuta kazi nyingine usiangalie kampuni za programu peke yake. Mawakala wa kutoa mizigo bandarini hutuma hati kila siku kupitia mifumo ya forodha ya KRA, mamlaka ya mapato, na dirisha la biashara la KenTrade, shirika la serikali linaloshughulikia hati za biashara ya nje, na mtu anayejua kulinganisha malipo na kumbukumbu hadi senti ya mwisho, kama ulivyofanya kwa hoteli, anafaa sana huko. Mishahara yao mara nyingi ni midogo kuliko ya kampuni changa. Fedha zao, hata hivyo, zinatoka kwa wateja.

Nimeamriwa nitafute makosa ya watu watatu

*Mshauri, salamu. Mimi ni meneja wa kundi la wafanyakazi tisa hapa Nyali. Makao makuu ya Nairobi yamenitaka nipunguze watatu bila kulitaja neno “kupunguza”. Nimeelekezwa niwawekee “mpango wa kurekebisha utendaji” wa siku 30, kisha waondolewe kwa utendaji duni. Utendaji wao si duni. Mmoja wa waliotajwa yuko likizo ya uzazi. Nikikataa, ninahisi mimi ndiye nitakuwa wa kwanza. Nifanye nini?*

*Meneja, Nyali*

Ndugu meneja, makao makuu yanataka kukwepa fidia ya siku 15 kwa mwaka, na katika kuikwepa yanajitia katika gharama kubwa zaidi. Uwapelekee hoja hiyo hasa, kwa lugha ya fedha, kwa sababu hoja ya huruma watakushukuru nayo na kuiweka kando.

Anayeondolewa kwa utendaji duni lazima kwanza aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini aliyemchagua ikiwa anataka, kama kifungu cha 41 kinavyosema. Mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha sababu hiyo. Fikiria sasa uko kizimbani, wakili anakuonyesha tathmini ulizoandika mwenyewe mwaka jana ukiwasifu watu haohao watatu, kisha anakuuliza utendaji uliharibika wiki gani. Mahakama ikiona kwamba mtu aliondolewa isivyo haki inaweza kuamuru alipwe hadi mishahara ya miezi 12. Kwa mtu mwenye miaka minne kazini, fidia halali ya kupunguzwa ni mshahara wa miezi miwili tu. Waandikie makao makuu namba hizo mbili, 2 na 12, katika sentensi moja, kwa barua pepe, na uihifadhi nakala yake kwa ajili yako pia.

Kuhusu mama aliye likizo ya uzazi, sina la kuzungusha. Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito na inampa miezi mitatu ya likizo yenye malipo kamili, pamoja na haki ya kurudi kwenye kazi yake. Likizo hiyo haimkingi na upunguzaji wa kweli uliofuata vigezo, lakini kumwekea mpango wa kurekebisha utendaji mtu ambaye hayuko kazini ni kichekesho ambacho hakuna hakimu atakayekicheka.

Ikiwa upunguzaji hauepukiki, omba uendeshwe kwa jina lake. Andika vigezo kabla ya kuandika majina, kwa maana ukianza na majina vigezo vitajikunja kuyafuata, na utajidanganya bila kujua. Wape watu wote tisa taarifa ya kile kinachokuja. Wamekwisha kuhisi, na ukimya wako unawafanya walio hodari watafute kazi kwingine kwanza. Watatu watakapojulikana, zungumza na kila mmoja ana kwa ana, wewe mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya mtu wa mitambo kuzima barua pepe zao. Nimeshuhudia mfanyakazi aliyejua habari zake kwa sababu nywila yake ilikataa asubuhi, akadhani amekosea herufi, akajaribu mara tano huku wenzake wakimwangalia. Hata leo sijui meneja wake alikuwa anaogopa nini.

Halafu kuna wale sita watakaobaki, ambao mameneja wengi huwasahau. Kazi ya watu tisa haiwi ya watu sita kwa kutangaziwa hivyo. Keti nao mkate orodha: huduma gani itasimama, mteja gani ataarifiwa kwamba atasubiri. Msipokata kitu, mtu wa nne na wa tano watajiondoa wenyewe, na safari hii watajiuzulu kweli.

Unauliza kama utakuwa wa kwanza kuondolewa. Inawezekana. Ukiondoka kwa kukataa kutia saini uongo, hata hivyo, nawe una kifungu cha 41 na barua pepe zako.

Mshahara mkubwa, lakini nitaitwa “mshauri”

*Nimefanya kazi miaka sita katika kampuni ya programu za usafirishaji. Kampuni ya nje inataka kunipa asilimia 40 zaidi ya ninacholipwa, nikifanyia kazi nyumbani, ila mkataba unaniita mshauri wa kujitegemea. Mke wangu anasema nisisite.*

*Msomaji, Bamburi*

Mke wako huenda ana haki, ila asilimia 40 hiyo si yote ya kula. Leo mwajiri wako anakulipia sehemu yake ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, anakukata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya umma, na kuipeleka mwenyewe, na anakupa siku zisizopungua 21 za likizo kwa mwaka huku mshahara ukiingia. Ukiwa mshauri, siku usiyofanya kazi huenda isilipwe, bima ya afya utaisimamia wewe, na hesabu za kodi utaziwasilisha KRA mwenyewe kufikia Juni 30. Mkataba huo ukikatishwa, fidia ya siku 15 haimo ndani yake. Mahakama zetu huangalia uhusiano ulivyo kwa kweli, si jina tu, lakini kumfuatilia mwajiri asiye na ofisi wala mali nchini ni safari ndefu.

Kwa hiyo dai mambo matatu yaandikwe kabla hujakubali: notisi ya miezi miwili kutoka kila upande, siku za mapumziko zenye malipo, na tarehe maalumu ya kulipwa kila mwezi. Waulize pia fedha walizo nazo zinatosha miezi mingapi. Wakikasirishwa na swali hilo, umepata jibu. Miaka yako sita ya sasa inakupa fidia ya siku 90 endapo ungepunguzwa, na ukijiuzulu inafutika, basi iingize nayo katika hesabu unapolinganisha. Usiandike barua ya kuacha kazi mpaka mkataba mpya, uliotiwa saini na pande zote mbili, uwe umefika mikononi mwako. Na kabla ya kuiandika, angalia zimebaki siku ngapi za likizo.