Magadi kwa gari: mwenyeji wa kumlipa ni yule anayelijua tope

Kutoka katikati ya Nairobi hadi mji wa Magadi ni kilomita 110 na ushee, na lami inakufikisha. Ndiyo maana wengi hujiambia mwenyeji wa nini. Lakini shida ya Magadi haiko kwenye lami. Inaanza pale unapoiacha kwenda chemchemi za maji moto kusini mwa ziwa, ambako alama za magari zinapishana huku na huku, nyingine zikiishia topeni.

Toka saa kumi na moja alfajiri. Jaza tangi Rongai au Kiserian; usiweke matumaini yako kwenye mafuta ya mbele. Upepo wa tairi, spea, jeki na spana ya magurudumu vikaguliwe nyumbani, si kando ya barabara jua likiwa utosini. Ukipita Kona Baridi unaanza kushuka Bonde la Ufa: Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Magadi ni 600 tu. Shuka kwa gia ya tatu, na penye mteremko mkali weka ya pili. Anayekanyaga breki njia nzima huzichemsha, kisha pedali inaanza kuzama mguuni. Wakati wa kurudi mzigo huo unahamia kwenye injini, kwa hiyo angalia maji ya rejeta kabla hujaondoka mjini Magadi.

Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale, iko njiani, na ni bora usimame asubuhi kuliko wakati wa kurudi. Shoka za mawe ambazo watafiti wa mabaki ya kale, Mary na Louis Leakey, walianza kuzichimbua miaka ya 1940 zimeachwa zikiwa zimelala pale pale zilipopatikana, nawe unazitazama ukiwa juu ya daraja la mbao. Saa moja inatosha.

Sasa mwenyeji. Mtafute mjini Magadi kabla ya kuacha lami, na mkubaliane mambo matatu injini ikiwa imezimwa: bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, mtarudi saa ngapi, na ada ya jamii kule chemchemi inalipwa na nani. Ugomvi mwingi huzuka kwenye hilo la tatu. Kisha muulize: mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na ni njia gani sasa haipitiki? Anayejua atakutajia mahali. Asiyejua atakwambia "hakuna shida". Huyo mwachie soda ya kunywa na umtafute mwingine. Aliyefaulu akae kiti cha mbele, si nyuma na watoto, kwa sababu atahitaji kukwambia "kata kushoto" kabla hujafika, si baada.

Anachokusaidia hasa ni kulisoma gamba la magadi lililofunika ziwa. Magadi haya, ndugu ya yale unayotia kwenye maharagwe, huganda juu ya ziwa maji yanapokauka, na kwa mbali eneo lote linaonekana gumu kama sakafu. Ukingoni ndiko kubaya zaidi, kwa maana maji ya chemchemi hupenya chini na gamba hubaki jembamba. Mwenyeji mzuri hushuka, hutembea mbele na kupiga kisigino chini. Penye mlio mkavu panapitika; penye mlio mzito, rangi ikiwa imegeuka kijivu chenye unyevu, zunguka. Kama kuna tuta lililojengwa kukatiza ziwa, pita juu yake hata kama ni mbali zaidi.

Gari likizama, toa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila mzunguko wa gurudumu unachimba zaidi, na chasisi ikikaa kwenye tope mtasubiri trekta. Chimbua mbele ya magurudumu, punguza upepo kutoka pauni 32 hadi 20 hivi, tandika mazulia ya gari au matawi makavu, kisha toka polepole kwa gia ndogo. Kwa hiyo sepetu na pampu ya upepo viwe ndani ya gari tangu nyumbani.

Kwenye chemchemi, usitie mguu kabla mwenyeji hajakuonyesha pa kutia. Kuna maji ya kuoga na kuna maji ya kuunguza, na kwa macho hayatofautiani. Tazama pale yanapopoa kidogo utaona samaki wadogo, jamii ya ngege, wanaoishi katika maji ya moto na magadi ambayo yangewaua samaki wengi wengine. Heroe (flamingo) nao huchota chakula kwenye kina kifupi. Wapige picha kutoka mbali. Watu je? Omba ruhusa kwanza, na kama kuna malipo yajulikane kabla ya kupiga.

Maji ya kunywa ni lita tano kwa kila mtu, na mtungi mwingine wa lita 20 wa rejeta na wa kujisuuza, kwa kuwa magadi yakikaukia mwilini huwasha na yakiingia machoni huchoma. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana kaa kivulini.

Ondoka Magadi kufikia saa tisa na nusu. Giza likiingia, ng'ombe na punda hulala juu ya lami kwa sababu bado ina joto. Kesho yake peleka gari lioshwe chini kwa maji ya presha, hasa kwenye matao ya magurudumu na mabomba ya breki. Mwambie kijana wa kuosha kwamba limetoka Magadi, la sivyo atang'arisha bodi na kuacha chumvi ikila chuma.