Msiseme "amemaliza shule"

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Nilifundisha darasa la saba kwa miaka mingi katika vijiji vya Mtwara, na wasichana wengi niliowapoteza niliwapoteza ndani ya miezi hiyo minne. Darasani walikuwa salama, nami nilikuwa nawaona kila asubuhi. Walipotea baada ya mahafali, wakati kijiji kizima kinasema, "Huyu sasa amemaliza."

Mwaka mmoja walifaulu wasichana saba. Januari wakaripoti wanne. Nilimfuata mmoja nyumbani kwao, mama yake akanipokea vizuri.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Binti yuko wapi?"

Akainama. "Mjomba wake alishapokea posa, mwalimu. Matokeo yalikuwa hayajatoka. Ningemkatalia kwa lipi?"

Jibu lake sijalisahau. Tangu Septemba shule ilikuwa imenyamaza kabisa, ila mchumba alikuwa anakuja kila wiki. Umaskini ulichangia, ndiyo, lakini ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilishafutwa tangu 2016. Kilichomshinda yule mama ni ukimya wetu.

Kwa hiyo wewe mwalimu, mzazi au mjumbe wa kamati ya shule, anzia hapo. Kwenye mahafali tangaza mbele ya wote kwamba Jumatatu baada ya mtihani watoto wanarudi kwenye masomo ya kujiandaa na sekondari. Msingi wanasoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na mtoto asiyeandaliwa huzama muhula wa kwanza tu. Sisi tulisomea chini ya mwembe, siku tatu kwa wiki, na vijana waliomaliza kidato cha nne wakatusaidia kuanzia Desemba. Lakini kilichowaokoa watoto, kuliko hata hicho Kiingereza, ni daftari la mahudhurio. Niliita majina kila siku ya somo. Binti akikosa mara mbili, wiki hiyohiyo nilikuwa uani kwao. Safari mbili nilikuta mazungumzo ya posa ndiyo kwanza yameanza, na posa iliyoanza jana huzungumzika. Mahari yakishaliwa, utabaki unabishana na ukoo mzima.

Ukiita kikao cha wazazi, kwa huku kwetu kusini mwite na mjomba. Nilikosea miaka mingi kwa kuzungumza na baba peke yake, halafu uamuzi unatoka kwa mtu ambaye sikuwahi hata kumsalimia.

Lipo pia jambo la fedha. Minada ya korosho huanza karibu na Oktoba, kwa hiyo miezi hiyohiyo ya hatari ndiyo miezi ambayo nyumba ina kitu mkononi. Ngoma na harusi hufuata fedha hiyo. Nilikuwa nawaambia wazazi: malipo ya mnada wa kwanza, sare na madaftari, mengine yatasubiri mnada wa pili. Sare ikishaning'inia ukutani, hata mchumba anaiona.

Kabla ya mtihani, kaa na kila binti peke yake, mbali na wenzake. Mmoja aliwahi kuniambia kwa kunong'ona kwamba ameagizwa nyumbani ajaze majibu ya uongo ili afeli. Nisingemuuliza, ningemwandika kuwa ni mzito wa kuelewa. Ukigundua hilo, usiende kumshtaki mzazi kesho yake, maana mtoto atapigwa. Mfikishe kwanza kwa mratibu elimu kata au ofisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga.

Akishapangiwa shule ya kata iliyo mbali, tembea njia hiyo wewe mwenyewe, kwa saa anayotembea yeye. Utajua kwa nini binti hukubali lifti ya bodaboda. Hosteli ikiwepo, pambana apate nafasi. Isipokuwepo, tafuta mama unayemwamini karibu na shule akae kwake, kuliko kumpangishia geto na wenzake wasio na mtu mzima.

Na waliopata ujauzito wasifutwe kwenye hesabu zenu. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu kurudi shule baada ya kujifungua, lakini nimekutana na wazazi wengi ambao habari hiyo haikuwahi kuwafikia. Wafuateni nyumbani. Mtoto mchanga anahitaji mtu wa kubaki naye, kwa hiyo zungumzeni na bibi kwanza, binti baadaye.

Kama unaanza mwaka huu, nenda shule ya sekondari ya kata ukaombe fomu ya kujiunga ya mwaka jana. Mahitaji hayabadiliki sana. Wasomee wazazi mstari kwa mstari sasa, kabla korosho hazijaanza kudondoka.