Bastola mpya inakwama, nimrudishie muuzaji?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nafanya biashara ya mahindi na alizeti hapa Kibaigwa. Nilipata kibali, nikanunua bastola mpya ya milimita 9 kwa sababu nasafiri na fedha kwenda Dodoma mjini. Shida yake inakwama. Kwenye uwanja wa shabaha inapiga risasi mbili tatu vizuri, halafu slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele, inagoma kufunga. Nimeimwagia mafuta, ndiyo kwanza imezidi. Ilikuja na magazini mbili za kupakia risasi, na ile ya pili haisumbui sana. Muuzaji anadai ni mkono wangu. Kuna fundi wa kuchomelea anasema ataisugua kwa msasa itakaa sawa. Nimpe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo fundi mwache aendelee na mageti yake. Silaha imeandikwa kwa jina lako, na chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ukimwachia mtu asiye na kibali, hata kwa mchana mmoja, mna kesi wote wawili. Halafu chuma kikishasuguliwa hakirudi, na muuzaji atakuwa amepata sababu ya kukukatalia.

Siku nyingine ikikwama, elekeza mtutu kwenye shabaha, kidole nje ya kifyatulio, utazame kabla hujagusa kitu. Ukiona ganda tupu limesimama wima dirishani, pale maganda yanaporukia nje, muuzaji hajakosea sana. Slaidi hurudi nyuma kwa nguvu ya risasi. Kiwiko na kifundo cha mkono vikilegea, bastola yote inarudi nayo na ile nguvu inapotea. Shika kwa mikono miwili, kaza. Risasi dhaifu nazo huleta hali hiyohiyo, kwa hiyo jaribu za kiwanda kingine.

Lakini ukiona risasi nzima imeinua pua na kugonga juu ya tundu la mtutu, mimi nashuku magazini. Barua yako yenyewe imeshasema: ya pili haisumbui. Ziandike 1 na 2 kwa kalamu ya wino mzito, upige kwa zamu, risasi za boksi moja. Mikwamo ikiangukia yote kwenye moja, springi yake imelegea au midomo yake ya juu, inayoshika risasi, imepinda.

Mafuta umezidisha. Bastola mpya huja na grisi ya kuilinda stoo. Hiyo ilitakiwa ifutwe yote kwanza, kisha tone dogo kwenye reli za slaidi, basi. Kwa vumbi letu la Julai na Agosti, mafuta yakizidi yanageuka tope jekundu.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Ukisikia mlio hafifu, “pu”, simama hapohapo. Risasi inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine juu yake mtutu unapasuka usoni pako. Toa magazini, toa risasi iliyo chemba, nyuma ya mtutu, mwite msimamizi wa uwanja.

Kwa muuzaji nenda na bastola ikiwa tupu, magazini zote mbili, boksi la risasi na kibali. Usianze kudai bastola nyingine. Dai magazini nyingine kwanza, hiyo hata mbishi hukubali. Na mpaka ipige maboksi kadhaa mfululizo bila kukwama, fedha za mahindi pitishia benki.