Haki ikivunjwa, hukumu hubaki?

SWALI: Ndugu wakili, mahakama ya rufaa Marekani inakiri kwamba haki ya kikatiba ya mshtakiwa ilivunjwa, kisha inaiacha hukumu. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, ila mzigo ni wa serikali. Katika kesi ya Chapman, California, mwendesha mashtaka aliwasisitizia wazee wa baraza (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kwamba ukimya wa washtakiwa ni dalili ya hatia. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu: ili hukumu ibaki, serikali ithibitishe, bila shaka yoyote ya maana, kwamba kosa hilo la kuvunja haki yao ya kukaa kimya halikuchangia uamuzi wa baraza.

Hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi wangu wawe makini. Kusema "hata bila kosa angetiwa hatiani" hakutoshi. Kesi ya Sullivan ya 1993 ilisisitiza: tunauliza baraza lile lile liliamuaje, si baraza la kufikirika.

Kunyimwa wakili, au kuhukumiwa na jaji mwenye maslahi, hakupimwi hivyo kabisa: mahakama haiulizi kama kosa lilichangia uamuzi, hukumu hufutwa. Ungamo la kulazimishwa liliondolewa katika kundi hilo la makosa yasiyopimwa mwaka 1991, kesi ya Fulminante. Siuafiki uamuzi huo: aliyesikia mtu akikiri kuua hasahau. Hata hivyo, Fulminante alipata kesi mpya, kwani serikali ilishindwa kuthibitisha kwamba ungamo lile halikuchangia uamuzi wa baraza.