Waridi la jangwani: bonyeza shina kabla ya kushika kopo

Nilipohamia Dodoma nilipanda maua ya kila aina, yakanimalizia madumu. Mvua ya huku ni Desemba mpaka Aprili, ikiwa ya neema. Miezi saba inayobaki ni wewe na simtanki lako, na maji yenyewe ya mgao. Ndipo nikahamia kwa waridi la jangwani.

Wataalamu huliita Adenium obesum, na si mgeni kwetu: huota lenyewe kwenye nyika za Tanzania na Kenya, hadi Uarabuni. Shina lake hutuna chini kama kibuyu, na humo ndimo linamoweka akiba ya maji.

La kwanza nililiua mwenyewe. Ilikuwa Juni, baridi ya blanketi mbili. Majani yakawa ya njano, yakapukutika. Nikasema hii ni kiu, nikaanza kulimwagia: asubuhi kopo, jioni kopo. Wiki ya tatu nikaligusa shina, kidole kikazama kama kwenye papai lililopitiliza. Kumbe lilikuwa limelala tu. Baridi na ukame vikikutana, waridi hili hupukutisha majani na kupumzika. Mizizi hainywi, maji yanabaki chunguni yakiiozesha.

Siku hizi siyaulizi majani, nabonyeza shina. Likiwa gumu naliacha, hata wiki mbili zipite. Likinywea na kufanya mikunjo, na udongo umekauka mpaka chini, nalinywesha hadi maji yachuruzike kwenye matundu ya chungu, basi. Likiwa laini huku udongo una unyevu, huo ni uozo. Kata kwa kisu safi mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, liache kivulini jeraha likauke kama wiki moja, ndipo upande tena.

Na samadi? Najua tunavyoipenda, ila hapa ifanyie ubahili. Mimi nachanganya mchanga mnene wa korongoni sehemu mbili, udongo sehemu moja, na vipande vya tofali vilivyopondwa. Chungu kikae juani kutwa. La kwangu la barazani lilirefuka tu bila ua.

Tawi ukilikata litashika, lakini shina lake halitutumki kama la mti wa mbegu. Mbegu hukaa kwenye maganda mawili yaliyoachana kama pembe za ng'ombe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, maana zina manyoya, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Utomvu wake ni sumu, wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Vaa glavu unapokata, na watoto wakae mbali.

Sasa nina vyungu 11, pamoja na mishubiri miwili ukutani ambayo haijawahi kunidai chochote. Vyote havimalizi dumu moja la lita 20 kwa wiki. Oktoba jirani alisimama getini akauliza kama nimebandika maua ya plastiki, kwa sababu mti haukuwa na jani hata moja.