Usiulize tu mboga imetoka wapi, uliza imemwagiliwa maji gani

Mleta mada ameuliza hivi: mtu aliyepanga Dar, hana shamba wala uwanja, anawezaje kula vyakula vya hapa hapa nchini bila kuharibu mazingira, na mshahara usiishie wote tumboni? Wadau wengi mmemjibu "panda mboga kwenye makopo" na "nenda sokoni alfajiri". Sawa, ila mimi jambo hili nimelifanya tangu 2019, acha niseme yaliyonikuta, na niliyokosea yakiwemo.

Tuko wanne, tumepanga vyumba viwili Tabata. Nilianza mwaka ule mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tarehe 1 Juni. Nikanunua kapu la ukili na kujiona nimeshaokoa dunia. Kapu ninalo mpaka leo, mikono nimeishona mara mbili. Baada ya hapo nikajiwekea sheria: mboga ninayonunua iwe imelimwa karibu kuliko zote. Wakuu, hapo ndipo nilipopotea.

Kwa mtu wa Tabata, karibu maana yake bonde la Msimbazi. Mchicha wa bondeni unavunwa alfajiri, saa moja asubuhi uko gengeni, umande bado haujakauka. Nikawa nawatambia watu ofisini kwamba mboga yangu haijawahi kupanda hata bodaboda. Jamaa mmoja aliyesoma kemia akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Wanamwagilia maji ya wapi?"

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya makazi na viwanda, unaingia baharini pale daraja la Salender. Njiani unakusanya kila tunachotupa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mboga za kandokando ya mto huu tangu miaka ya 1990 wakakuta madini yenye sumu kama risasi na kadimiamu. Mchicha hauchagui, kilichomo kwenye maji na udongo mizizi inavuta. Ukiuosha kwa maji ya chumvi utatoa mchanga na baadhi ya vijidudu, na ukichemsha utaua vilivyobaki, ila risasi iliyokwishaingia kwenye jani haiogopi moto. Na mimi nilikuwa nampikia mtoto wa miaka miwili.

Siwalaumu wakulima wa bondeni. Mto hawajauchafua wao, wanalisha familia, na wengine wana visima vyao. Ila kuanzia siku hiyo niliacha kuuliza umbali, nikaanza kuuliza maji. Haikuwa rahisi. Mama wa genge langu nilimwamkia kama kawaida, akaitika marahaba, nikamuuliza mchicha huu wa wapi.

"Wa shamba, mwanangu."

"Shamba la wapi, mama?"

"Wewe leo umekuja kununua mchicha au kuupeleleza?"

Tukacheka, nikanunua nyanya, nikaondoka. Nilirudia swali lile karibu wiki tatu, kila mara nikinunua kitu, maana ukiuliza maswali bila kununua unageuka kero. Mwisho akaniambia mwenyewe: wa bondeni unakuja kila siku, ila Jumanne na Ijumaa kuna kijana analeta wa Chanika, wa kisima. Fungu lake dogo kidogo kwa bei ile ile. Tangu hapo Jumanne na Ijumaa ananiwekea mafungu manne chini ya meza, na huo mkataba wangu na mama yule umenisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu. Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kununua mbegu, tafuta genge moja, uwe mteja wa kweli, halafu uliza.

Bustani ya gunia nimelima pia. Unasimamisha gunia, katikati unajaza kokoto kama nguzo ili maji yashuke hadi chini, pembeni udongo uliochanganywa na samadi, halafu unatoboa matundu ubavuni na kuchomeka miche. Mchicha unaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne. Matembele ni rahisi zaidi, vikonyo unavyobaki navyo ukishachambua mboga uliyonunua, chomeka tu. Kosa langu lilikuwa kufukia maganda mabichi ya jikoni moja kwa moja kwenye gunia. Walikuja funza, wakafuata panya, mwisho akaja mama mwenye nyumba. Siku hizi maganda nayaozesha kwanza kwenye ndoo yenye matundu na mfuniko, kila tabaka la maganda nalifunika kwa majani makavu au maranda ya mbao. Na mwishoni mwa 2022, mto Ruvu unaotuletea maji Dar ulipopungua tukaingia kwenye mgao, magunia mawili yalikauka kabisa. Nani atamwagilia mboga wakati ndoo ya kuoga inagombaniwa? Yaliyobaki yaliponea maji ya kuoshea mchele. Mavuno yangu ni mboga ya siku mbili kwa wiki, na mvua zikija vizuri siku tatu. Anayekwambia magunia matano yatalisha familia anakuuzia magunia.

Sasa kuna vyakula tunaviona vya kwetu kumbe ni wageni. Chapati, kwa mfano. Ngano tunayokula sehemu kubwa inaagizwa nje, ndiyo maana vita ya Urusi na Ukraine ya 2022 ilionekana mpaka kwenye bei ya andazi la mtaani. Mafuta ya kula ni hivyo hivyo, mawese mengi yanatoka Malaysia na Indonesia. Sijaacha chapati, sitaki kudanganya, Jumapili zipo. Ila chai ya siku za kazi tumehamia kwenye viazi vitamu, mihogo na magimbi, na mafuta tunanunua alizeti ya Singida. Alizeti ni ghali kidogo, ila tumepunguza kukaanga, hela inajirudisha. Matunda tunafuata msimu: machungwa ya Muheza katikati ya mwaka, mananasi ya Kiwangwa na maembe kuelekea Krismasi. Matufaa ya Afrika Kusini tunayaangalia tu pale supamaketi.

Nyanya ndizo zinazonishinda. Masika zikiharibika mashambani na njiani, bei inapaa, na ukinunua nyingi nusu zinaoza kwenye kapu. Dawa yangu ni kununua zikiwa za kumwaga, nazimenya, nazichemsha mpaka zinakuwa nzito, nagandisha kwenye vikopo vidogo vya kupikia mara moja. Asiye na friji akaushe bamia na majani ya kunde kama bibi zetu walivyofanya, mboga kavu na karanga havina mpinzani.

Moto nimeuchelewesha kwa makusudi, kwa sababu ndiyo sehemu tunayojidanganya zaidi. Kwa miaka miwili nilikuwa nakula maharage ya Mbeya na kisamvu cha Kisarawe, vyote vya nyumbani, vyote nikivipika kwa mkaa kwa muda wa saa tatu. Mkaa huo umetoka misitu ya Pwani, Morogoro au Tanga, na kwenye tanuri la udongo kuni nyingi zinapotea bure kabla hujapata gunia moja. Nikakaa nikajiuliza, namwokoa nani hapa? Hatua ya kwanza haikunigharimu kitu: maharage yanalala kwenye maji usiku mzima, yakichemka nusu saa naifunga sufuria kwa blanketi zee ndani ya kapu, yanaendelea kuiva yenyewe. Hatua ya pili ilikuwa presha kuka ya umeme, tuliyoinunua kwa zamu ya kijumbe, ule mchezo wa kuchangishana na kupokezana hela. Niliisoma mita ya LUKU kabla na baada: sufuria ya maharage haikufika nusu yuniti. Mke wangu alikuwa na wasiwasi kwamba ladha itapotea. Wasiwasi huo uliisha alipoacha kukohoa moshi. Serikali nayo ina lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, ila usisubiri lengo, kijumbe kinatosha. Mkaa tunabakiza kwa ajili ya kuchomea samaki.

Jambo la mwisho ni kununua kwa pamoja. Nyumba yetu ina wapangaji watano. Tulianza kuchangishana gunia la maharage, tukagawana kwa kopo la sado. Mara ya kwanza ilikuwa ugomvi, mmoja alijaza mpaka ikafanya kichuguu, mwingine akapima kwa kusawazisha. Sasa tunapima kwa mizani ya muuza duka, na bei inashuka vya kutosha kulipa nauli ya anayefuata mzigo. Mwezi huu tumehamia kwenye mchele. Hela imeshakusanywa tangu Jumamosi lakini gunia halijanunuliwa, maana wawili wanataka wa Kyela, wawili wa Kilombero, na mama mwenye nyumba, ambaye hakuchanga hata senti, amesema yeye wa Kilombero hauli.