Usiende Mahakama Kuu na Katiba mkononi tu

Ugomvi ulikuwa wa ekari mbili za zabibu kule Hombolo, alizotuachia marehemu baba. Baraza la ardhi na nyumba la wilaya lilimpa ushindi jirani yetu. Rufaa kutoka baraza hilo kwenda Mahakama Kuu ina siku 45 tangu hukumu, na mimi nilifika masjala Dodoma mjini siku ya 58.

Karani akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, kidole kwa kidole. "Kaka, hapa huna rufaa. Kaombe kwanza kuongezewa muda."

Sikutishika, maana nilikuwa nimekariri ibara ya 107A(2)(e) ya Katiba kama dua: mahakama itende haki "bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi". Wakili wa msaada wa kisheria akacheka. "Umeyaona hayo maneno, kupita kiasi?"

Alinifafanulia hivi. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa, ikawekwa kanuni kwamba mashauri yaamuliwe kwa haki, haraka na kwa gharama nafuu. Mwaka huohuo, katika shauri la Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph, Mahakama ya Rufani ilikataa kuacha kasoro ndogo za utaratibu wa baraza la kata zizamishe haki. Lakini katika shauri la Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Tanzania Breweries, mahakama hiyohiyo ilisema kanuni hiyo haitumiki kiholela kukanyaga masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Jina lililokosewa herufi hurekebishwa, maisha yanaendelea. Muda ni habari nyingine: ukikupita, mlango uliobaki ni sababu za msingi, na kila siku ya kuchelewa uitolee maelezo.

Kwenye kiapo changu cha kwanza, yaani maelezo ya maandishi ya kuunga mkono maombi ya muda, niliandika "niliuguliwa na mama, pia usafiri ulikuwa mgumu". Wakili alikichana mbele yangu. Tukaanza upya, tarehe kwa tarehe. Mama alilazwa siku ya 40 hadi ya 54. Kadi ya hospitali ikaambatanishwa. Siku ya 55 na 56 zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Ya 57 nilikuwa nachapisha rufaa. Hata siku tatu za kuandaa maombi yenyewe, baada ya karani kunirudisha, tulizieleza.

Kosa langu kubwa, nalisema ili usilirudie: nakala ya hukumu niliiulizia kwa mdomo mara tatu. Siku za kusubiri nakala zinaweza kutolewa kwenye hesabu, lakini mdomo hauna muhuri. Siku hukumu inaposomwa, usiondoke pale bila kuandika barua ya kuomba nakala, nayo igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako. Hakuna kilichoniuma kama hiki, maana barua ya mistari mitatu ingeniokolea miezi.

Siku ya kusikilizwa, jirani alisimama akauliza: mama aliruhusiwa asubuhi ya siku ya 54, je, mchana ule mwanawe alikuwa wapi? Swali halali kabisa. Jaji akanigeukia.

Nilikuwa na risiti ya dawa ya siku ileile, yenye saa: tisa na dakika kumi alasiri. Nikaongezewa siku 14.